Mkuki, Shanga na Padi: Namna ya Kuhamisha Hadithi Kati ya Anime na Gemu

Kijana akiniletea wazo la kugeuza anime, yaani katuni ya Kijapani, anayoipenda iwe gemu, swali langu la kwanza ni moja tu: mikono inafanya nini? Simuulizi shujaa ni nani wala adui ana nguvu zipi, maana hayo atayamwaga mwenyewe mpaka jua lizame. Nataka kujua mikono ya mchezaji, iliyoshika padi, kile kifaa cha vitufe, au inayogusa kioo cha simu, itakuwa ikifanya nini kwa saa nzima. Akinijibu "inapigana", namrudisha akafikiri tena. Karibu kila gemu linapigana. Na akija mwingine na wazo la kinyume chake, la kulichukua gemu alipeleke kwenye anime, swali nalo linageuka: mikono ikishaondolewa, nani atabeba kazi iliyokuwa ikifanywa na mikono hiyo?

Nina chumba cha magemu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nyuma ya soko. Runinga mbili, PlayStation za mitumba, benchi refu la mbao. Watoto na waendesha boda wote wananiita Anti. Kabla ya hapo nilikaa mlangoni mwa kibanda cha video nikikusanya hela, huku ndani msimulizi akiizungumzia filamu juu kwa juu na maikrofoni mkononi. Wateja wangu ni Walugbara, Waalur, Wakakwa, na Wakongomani waliovuka mpaka kuja kununua bidhaa. Kinachotukutanisha ni Kiswahili cha huku West Nile, ambacho Mzanzibari akikisikia huenda akaomba kiti akae kwanza. Siku hizi naandika hadithi za magemu madogo ya simu, na mpwa wangu anachora. Ninayoyaeleza hapa ndiyo tunayoyafanya sisi wawili, pamoja na niliyojifunza kwa kuwatazama watu wengine wakicheza.

Anza na hesabu ya muda

Kipindi kimoja cha anime ni dakika 24 hivi. Toa wimbo wa kufungulia na wa kufungia, sekunde 90 kila mmoja, toa na tangazo la kipindi kijacho, unabaki na dakika 20 za hadithi. Msimu wa kawaida una vipindi 12 au 13. Maana yake mwandishi wa anime ana saa nne na kidogo. Gemu kama Persona 4 humshika mchezaji zaidi ya saa 60. Kuimimina yote kwenye msimu mmoja ni kumimina jerikeni katika kikombe: hutaokoa maji mengi, utalowesha meza tu.

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye wingi wa saa. Iko kwa mwenye saa hizo. Katika anime muda ni wa mtengenezaji. Yeye ndiye anayeamua mvua inyeshe sekunde ngapi kabla mtu hajafungua mdomo. Katika gemu muda ni wa mchezaji. Anaweza kusimama mbele ya mlango robo saa akipanga upya silaha zake huku dunia ikisubiri kuokolewa. Hadithi inayotegemea haraka itavunjika hapo, na hadithi inayotegemea ukimya pia.

Kwangu jambo hili lina bei. Wateja wanalipia muda. Gemu likianza kuwaonyesha video ya dakika kumi ambayo hawawezi kuiruka, wanapiga kelele kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza: "Anti, hela yangu inaisha!" Kwa hiyo nimezoea kulipima kila gemu lililotokana na anime kwa kipimo hicho kikali: mtu aliyelipia nusu saa amecheza dakika ngapi na ametazama ngapi? Magemu mengi ya anime yanaanguka mtihani huu.

Kutoka anime kwenda gemu

Tafuta tendo ambalo shujaa hulirudia mpaka limekuwa tabia yake, halafu ulikabidhi kwa mikono. Msuko wa matukio utakuja baadaye.

Chukua Naruto. Ukijumlisha mfululizo wa kwanza, vipindi 220, na Shippuden, vipindi 500, huwezi kuvisimulia vyote hata ukiwa na studio nzima. Lakini huyo kijana hufanya nini kila mara? Anapigwa mpaka anakaribia kulala chini, halafu kitu ndani yake kinaamka. CyberConnect2, waliotengeneza mfululizo wa Ultimate Ninja Storm ulioanza mwaka 2008, walikiona hicho wakakiweka kwenye padi: damu yako, yaani kipimo cha uhai, ikishuka sana, ndipo unapoweza kujiamsha na kupata nguvu mpya. Wavulana wa kwenye benchi langu hawajui kwamba hiyo ni kazi ya uandishi. Wao wanaona tu kwamba mtu anayekaribia kushindwa ndiye wa kuogopwa zaidi, na hiyo ndiyo anime yenyewe, imehamishwa bila kutamka neno.

Dragon Ball FighterZ ya mwaka 2018, kazi ya Arc System Works, ilifanya jambo jingine ninalolipenda. Ukiwa na wapiganaji fulani katika uwanja fulani na pambano likaisha kwa namna inayotakiwa, mwisho wake unageuka kuwa tukio maarufu la kwenye anime. Hakuna anayekulazimisha. Unalikuta, au mwenzako anakunong'oneza namna ya kulipata. Hapo hadithi imekuwa zawadi, na mtu haoni kwamba anacheleweshwa.

Na kuna anime ambazo tendo lake liko wazi tangu dakika ya kwanza. Attack on Titan ina kamba, gesi, mwendo wa kubembea kati ya nyumba na upanga unaolenga ukosi wa jitu linalokula watu. Omega Force walipolitoa gemu lao mwaka 2016, nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa na hadithi yenyewe. Ukiwa mwanafunzi wa kazi hii, anza na anime ya namna hiyo. Usianze na ile ambayo watu wanakaa darasani na kutazamana kwa huzuni. Hiyo nayo inawezekana, ila gemu lake litakuwa la kuchagua maneno, na kuandika maneno ya kuchagua ni kazi inayokula usiku.

Tatizo la pili ni kwamba kila mtu anajua mwisho. Ukimpa mchezaji Goku, shujaa wa Dragon Ball, na kumwambia aifuate njia ile ile, unampa imla. Watengenezaji wamelikwepa hili kwa njia mbalimbali. Dragon Ball Xenoverse ya 2015 inamfanya mchezaji kuwa mhusika wake mwenyewe, mlinzi wa wakati anayerekebisha historia iliyochafuliwa: unayaona mapambano unayoyajua, lakini yameharibika, na wewe ndiye wa kuyanyoosha. Attack on Titan 2 ya 2018 inakuweka askari mpya pembeni ya wale unaowajua. One Piece Odyssey ya 2023 ilikuwa na shida tofauti, kwamba shujaa Luffy na wenzake wameshakuwa na nguvu mno, wakati gemu la aina ile linataka mtu aanze chini apande. Wakatua kisiwani, wakapokonywa nguvu zao, wakaanza kuzikusanya upya kupitia kumbukumbu za safari zao za zamani. Ujanja wa kizee, lakini unafanya kazi.

Mimi nauchagua ule wa askari wa pembeni. Mtu mdogo anayesimama karibu na mkubwa ana uhuru wa kukosea, na mchezaji bila uhuru wa kukosea ni mtazamaji aliyeshikishwa padi.

Kutoka gemu kwenda anime

Huku ni kugumu zaidi. Mtu aliyelicheza gemu amewekeza kazi. Amekufa mbele ya bosi, adui mkubwa wa gemu, yule yule mara nyingi, amepotea njia, amechagua vibaya, amerudi. Akija kutazama anime, hiyo kazi haipo, na anachokiona ni msuko wa matukio peke yake. Mara nyingi msuko wa gemu, ukiuvua ile kazi, ni mwembamba kuliko alivyoukumbuka.

Angalia Pokémon. Magemu ya kwanza, Red na Green, yalitoka Japani Februari 1996. Unachagua kiumbe mmoja wa kukupigania kati ya watatu, Bulbasaur, Charmander au Squirtle, na uchaguzi huo ndio utamu wake. Anime ilipoanza Aprili 1997, waandishi hawakuweza kuweka uchaguzi kwenye skrini, kwa hiyo wakaweka uhusiano: Pikachu mmoja mkaidi asiyetaka kuingia kwenye mpira wa kubebea viumbe hao na asiyempenda bwana wake. Gemu liliuliza "unamtaka yupi?" na anime ikauliza "je, huyu atakukubali?" Kisha mwaka 1998 likatoka gemu la Yellow, ambamo Pikachu anakufuata nyuma kama kwenye runinga, na huna ruhusa ya kuchagua mwingine mwanzoni. Hadithi ilikwenda ikarudi, na kila ilipovuka ililipa ushuru.

Kuna jingine hapo. Katika gemu, ukishindwa unajaribu tena mpaka uwe bingwa, ubingwa unakungoja. Katika anime, Ash, bwana wa Pikachu, ambaye Wajapani wanamwita Satoshi, aliingia mashindano yale ya kwanza akashindwa, na sababu ni Charizard wake, kiumbe mwingine, aliyegoma kumtii. Mtazamaji hana kitufe cha kurudia. Kushindwa kwa kwenye anime kunabaki kushindwa, na mwandishi anayetoka kwenye magemu asipolijua hili ataitupa silaha yake bora.

Shujaa bubu ni mtihani mwingine. Katika magemu mengi shujaa hasemi, ili wewe uwe yeye. Ukimleta hivyo hivyo kwenye anime unapata gogo. Persona 4 ilipofanywa anime mwaka 2011, yule kijana asiye na sauti alipewa jina, Yu Narukami, na akapewa tabia: anasema mambo ya ajabu kwa uso mkavu, mpaka wenzake hawajui kama anatania. Tena katikati ya kipindi zilionyeshwa alama zake, ujasiri umefika wapi, elimu imefika wapi, kama kwenye gemu. Utani mdogo kwa waliocheza, na waliokuwa hawajacheza hawakupoteza kitu.

Miisho mingi je? Steins;Gate, gemu lililotoka mwaka 2009, lina mahali ambapo shujaa analazimika kufuta, mmoja baada ya mwingine, ujumbe uliotumwa kurudi wakati uliopita. Mchezaji akikataa kufuta, hadithi inaishia hapo na mtu ambaye ujumbe huo ulimhusu. Anime ya 2011 haikuitupa hiyo miisho. Ilimpitisha shujaa kwenye kila mlango na kumfanya aufunge kwa mkono wake, na kila ukifungwa uso wake unazeeka. Kilichokuwa uchaguzi kimekuwa gharama. Kama utaiba mbinu moja tu humu, iba hiyo.

NieR:Automata nayo ina miisho 26, A hadi Z, na mingine ni mzaha mtupu, kama ule wa kula samaki ukafa. Anime yake ya 2023 iliihamishia mizaha hiyo kwenye tamthilia ndogo ya vikaragosi mwishoni mwa vipindi. Sawa kabisa, kitu ambacho hakiingii sebuleni kiwekewe kibaraza. Danganronpa ya 2013 sikuifurahia hivyo. Gemu lake ni la kukagua, kushuku na kubishana mahakamani, na vipindi 13 vilikimbia kutoka maiti hadi maiti bila kunipa nafasi ya kumshuku mtu.

Halafu kuna njia ya watu werevu: kutoihamisha hadithi kabisa. Cyberpunk: Edgerunners ya Septemba 2022, vipindi kumi vya studio ya Trigger, haikumgusa shujaa wa gemu la Cyberpunk 2077. Ilichukua mji ule ule, vyuma vile vile vya kupachika mwilini, ikamleta kijana mwingine, David, anayejiongezea vyuma mpaka akili inaanza kuteleza. Katika gemu, kujiongezea ni raha ya mchezaji. Anime ikauliza raha hiyo inaishia wapi. Wachezaji wengi wakalirudia gemu, na gemu likaongezewa koti la David ulivae.

Jaribio la kibandani

Kabla hujaandika ukurasa mmoja, fanya hivi. Kusanya watu sita au saba, uwasimulie hadithi yako kwa mdomo bila picha. Wasimulizi wetu wa filamu, hao ma-VJ ambao Uganda nzima inawajua, kina VJ Jingo, wanaishi kwa ufundi huu: sikio moja liko kwenye filamu, la pili liko kwenye chumba. Wakisikia watu wamechoka wanaongeza utani. Wakisikia watu wameshika pumzi wanaiacha picha iseme.

Wewe simulia na kalamu mkononi. Kila mtu anapokukatiza kwa "kwa nini asi...", weka alama ya duara. Kwa nini asikimbie? Kwa nini asimwambie mama yake? Hapo ndipo penye gemu, maana mtu tayari anataka kuingiza mkono. Na kila wanaponyamaza wote, weka alama ya mstari. Hapo ndipo penye anime. Hadithi yenye maduara mengi ipeleke kwenye gemu, yenye mistari mingi ipeleke kwenye anime, na yenye vyote viwili unaweza kuihangaikia huku na huku. Sijaona kipimo cha bei rahisi kuliko hiki.

Mfano wetu: Gipir na Labongo

Hadithi tunayoishughulikia inajulikana na kila mtoto wa upande wa Pakwach. Ndugu wawili. Tembo anakuja, Gipir anashika mkuki ulio karibu, ambao ni wa Labongo, anamchoma, tembo anaondoka na mkuki mwilini. Labongo anakataa mkuki mwingine wowote. Anataka ule ule. Gipir anaufuata mpaka nchi ya tembo, anasaidiwa na bibi kizee, anarudi na mkuki na shanga nzuri alizopewa. Siku moja mtoto wa Labongo anameza ushanga mmoja. Sasa ni zamu ya Gipir kukataa ushanga mwingine wowote. Mtoto anapasuliwa. Ndugu wanaachana pale Wang Lei, shoka linaachwa kwenye Nile, mmoja anavuka kwenda magharibi, ndipo Waalur, mwingine anabaki mashariki, ndipo Waacholi. Wengine husimulia kwa kubadilisha mkuki ulikuwa wa nani. Shika simulizi la wazee wako, na uwaulize kabla ya kugeuza kitu. Mimi nilikwenda kwa wajomba zangu na kilo ya sukari, nikakaa chini, nikaomba ruhusa.

Nilipoisimulia chumbani kwangu, duara la kwanza lilitoka kwa mpwa wangu kabla sijafika mbali: "Anti, kwa nini asimpe tu mkuki mwingine?" Basi, katika gemu tumemruhusu. Mchezaji anaweza kuchonga mkuki, kuununua, kuuazima. Anampelekea Labongo. Labongo anakataa, na kila mara jibu lake linakuwa fupi kuliko la kwanza, mpaka hajibu. Uchaguzi ni wa kweli ingawa haubadilishi njia, kwa sababu unambadilisha mchezaji: anaanza kumchukia kaka yake. Nilihitaji chuki hiyo kwa baadaye.

Mikono inafanya nini? Inafuatilia. Nyayo, majani yaliyovunjika, kinyesi cha tembo chenye joto bado. Kila alipopita tembo pana ushanga, na kila ushanga una faida: mmoja unakusaidia kusikia mbali, mwingine unakuonyesha nyayo za usiku. Mchezaji anakusanya, kama wachezaji wanavyokusanya kila kitu duniani, na anaporudi nyumbani kamba ya shanga imejaa. Halafu mtoto anameza mmoja, ule wa kusikia. Kwenye kona ya skrini kamba ina pengo.

Hapo Labongo anakuja na shanga nyingine. Anazipanga chini moja moja. Kitufe cha "pokea" kipo, na kinafanya kazi. Ukipokea, gemu linaishia hapo kwa amani: ndugu wanakula pamoja, hakuna anayevuka mto. Wavulana wengi wa kwenye benchi wanakataa. Wanataka ushanga wao. Wamesahau kwamba dakika arobaini zilizopita walikuwa wanamlaani Labongo kwa ukaidi huo huo. Katika simulizi la mdomo, ukaidi wa Gipir ni maelezo. Katika gemu umekuwa wa mchezaji, na hakuna aliyemfundisha.

Lakini kisu hatukukiweka kwenye padi. Tulibishana juu ya hili, mpwa wangu akasema mchezaji aliyekataa lazima abonyeze mwenyewe. Mimi nikakataa na sibadiliki. Skrini inakuwa nyeusi, padi inaacha kuitika, unasikia sauti ya mama. Ukishaamua mikono inafanya nini, amua pia ni wapi mikono itazuiwa. Mchezaji aliyezoea kutenda, ukimnyang'anya tendo kwa sekunde thelathini, anakaa wima.

Toleo la anime, ambalo mpaka sasa ni michoro na sauti tu, limebidi litupe karibu vyote hivyo. Shanga nyingi hazina kazi kwa mtazamaji, kwa hiyo umebaki mmoja, wenye mlio wake ukigusana na kikombe, ili masikio yauzoee kabla haujapotea. Safari ya nchi ya tembo, ambayo katika gemu ni nusu ya kazi yote, imekuwa usiku mmoja na yule bibi. Na nimeongeza siku tatu za kusubiri baada ya mtoto kumeza, watu wakimlisha, wakimtazama, wakiomba ushanga utoke wenyewe. Katika gemu siku hizo zingekuwa uchovu. Katika anime ndizo kipindi kizima, na chumba kilinyamaza nilipozisimulia.

Limebaki swali la hadithi isimuliwe kutoka upande wa nani. Gemu letu lina njia mbili, ya Gipir na ya Labongo, na ukimaliza moja inafunguka ya pili. Anime haiwezi kufanya hivyo bila kumchosha mtu. Gemu la Fate/stay night la 2004 lilikuwa na njia tatu, na waliolipeleka kwenye anime waliligawa: mfululizo wa 2006 ukaegemea ya kwanza, wa 2014 ukachukua ya pili, na filamu tatu za 2017 hadi 2020 zikachukua ya tatu. Wao wana fedha ya kurudi mara tatu. Mimi nimemchagua mtu wa tatu, mama wa mtoto. Anaishi na mmoja, amempikia mwingine, na hakuna ndugu hata mmoja anayemuuliza anafikiri nini.

Vifaa, ukubwa na karatasi

Kwa ramani ya matawi ya hadithi tumia Twine. Ni ya bure na inafunguka hata kwenye kompyuta iliyochoka. Kwa gemu la picha na maneno tumia Ren'Py, bure pia, na inakutolea faili la Android moja kwa moja. Ukihitaji mhusika atembee na kuruka, jifunze Godot. Kuchora, Krita. Kwa picha zinazosogea kuna Blender na OpenToonz, ambayo ilitokana na programu iliyotumiwa na Studio Ghibli na ikaachiwa watu bure mwaka 2016.

Usijaribu kuchora kila kitu kisogee. Sekunde moja ya skrini ina fremu 24, na hata Wajapani mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa fremu tatu, yaani michoro minane kwa sekunde. Dakika moja ya mwendo mfululizo ni michoro 480. Mpwa wangu ana shule. Kwa hiyo tunarekodi sauti kwa simu, usiku, magodoro yakiwa yamezunguka. Tunapanga michoro iliyotulia juu ya sauti hiyo. Tunasogeza kamera tu. Hadithi ikikosa kusimama katika hali hiyo, kusogea hakutaiokoa.

Punguza uzito wa faili. Watu hununua bando la siku na wanarushiana magemu kwa Bluetooth na Xender. Gemu linalozidi megabaiti 100 linaombwa radhi na kufutwa ili picha za harusi zipate nafasi. Jaribu kwenye simu mbovu kuliko zote ukooni.

Kuhusu haki: gemu la Naruto ulilolitengeneza chumbani ni zoezi zuri, lakini si lako la kuuza, hata ukimbadilisha jina na rangi ya nywele. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na maandishi yako unaweza kuyasajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Ngano ya wazee haiwi yako kwa kuiandika. Mazungumzo na michoro yako ndiyo yako. Na andikianeni mkataba wewe na mchoraji, ukurasa mmoja unatosha, hata kama mchoraji ni mtoto wa dada yako. Hasa kama ni mtoto wa dada yako.

Toleo la kwanza likikamilika, mtafute mtu asiyeijua hadithi, mpe, kaa nyuma yake, funga mdomo. Usimwambie "bonyeza pale". Kwa gemu, andika kila anapobonyeza kitufe ambacho hakifanyi kitu; alikuwa anataka kutenda jambo ambalo hukumwekea. Kwa anime, andika dakika anapotoa simu yake mfukoni. Kisha mpe mwingine, na ukiona wawili wametoa simu dakika ile ile, kata kuanzia sekunde kumi kabla ya hapo.